Skolastika Analala kwa Nani

Shangazi Gaudensia,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ulezi mmeuvuna bila mvua kuuharibu? Sisi tunapumua. Juzi nilikata simu kwa sababu mtoto alikuwa karibu, ndiyo maana naandika.

Skolastika wamemtoa shule.

Huku ughaibuni shule zina wilaya zake, na mipaka yake haimhusu mkuu wa wilaya wala diwani; mtoto husoma upande anakolala. Wa kwetu unapita katikati ya barabara, hatua mia mbili na kumi kutoka mlangoni pangu. Ng'ambo ni mtaa wa kale unaolindwa na sheria: nyumba za matofali zenye vibao vya mwaka zilipojengwa, na mwenye nyumba habadili hata rangi ya mlango mpaka kamati ikae. Madirisha yao ya mbao nayatengeneza mimi; nyumba thelathini na moja kwa miaka sita. Darasa la shule yao lina watoto kumi na tisa. La upande wetu, thelathini na wanne, na mwalimu wa hesabu wamembadilisha mara tatu mwaka huu.

Basi nikafanya kama ulivyonifanyia. Si ulinitoa Mwazye nina miaka tisa, nikae kwako Sumbawanga nisome? Mwalimu mkuu alipouliza huyu ni wa nani, ulijibu "wangu", naye akaandika. Mimi nilimpeleka Skolastika kwa Mwanaidi, yule mama wa Kasanga, kule ziwani, niliyekusimulia, aliyepanga ghorofa ya juu mtaa uleule wa kale. Alicheka: "Mlete, Mfipa wewe, nimfundishe kula samaki mwenye miiba." Mtoto akawa analala huko Jumapili hadi Alhamisi.

Baada ya miezi minne tukaitwa sote watatu kwa mama mmoja wa ofisi ya shule, mwenye faili.

"Huyu Mwanaidi ni nani kwako?"

"Dada yangu."

"Mama mmoja?"

"Hapana."

"Baba mmoja?"

Mwanaidi akadakia: "Mke wake alipofariki nililala kwao siku arobaini, nikimpikia mtoto huyu. Unataka undugu gani tena?"

Hilo hakuliandika. Akamgeukia mtoto. "Ijumaa unalala wapi?"

"Kwa baba," akasema Skolastika. Uongo sijamfundisha.

Wakanipa karatasi. Nikitaka abaki, niende mahakamani nimkabidhi kwa Mwanaidi, yeye ndiye awe mlezi kisheria, na mimi niwe mtu wa kumtembelea. La sivyo, asirudi. Siku kumi.

Kwa hesabu, Shangazi, ilifaa kusainiwa: miaka saba ya shule nzuri kwa saini moja. Mwanaidi mwenyewe alisema, "Saini, kaka, mtoto anamjua baba yake." Lakini kaka yako aliponiacha kwako, nani alimwambia amekoma kuwa baba? Alikuja na unga wake, akakagua madaftari yangu, akanichapa palipostahili, akarudi shambani.

Siku ya tisa niliirudisha bila saini.

Jumatatu nilimpeleka shule ya upande wetu. Njiani akaniuliza, "Baba, nilikosea kusema kweli?"

"Hapana."

"Basi mbona nimetolewa?"

Nilimfungulia lango la shule. Kwa hasira niliyokuwa nayo, afadhali tulikuwa tumeshafika.

Mama usimwambie kwamba alifukuzwa. Atadhani mtoto ameharibika. Mwambie amehama. Msalimie sana, na mdogo wangu anayelima Milepa, na Baba Paroko aliyetuombea kwenye msiba ule.

Na mwanao Kristofa, mwalimu, msalimie kipekee, umpe na kazi hii. Jioni namfundisha Skolastika hesabu mwenyewe, lakini unajua niliishia kidato cha pili. Kitabu chake kina kurasa mia tatu na kumi. Nimekipitia chote, mimi nitakwama ukurasa wa mia na themanini. Kwa mwendo wetu tutafika hapo baada ya wiki kumi na moja. Kuanzia hapo, Jumamosi asubuhi ya huku, jioni ya kwenu, asizime simu.

Ni mimi, mtoto wako uliyemwandikisha,
Deogratias