Siku Mliyolala Chini ya Meza, Wewe na Ba Mumba

Papa yangu mpendwa,

Leo asubuhi nimepangusa reli za treni yako ndogo, na nimekumbuka siku wakwe walipokuja kwetu, mtaa wa Bel-Air, kuniposa.

Mama alikusihi wiki nzima uiondoe treni kwenye meza kubwa. Ukamjibu, "Nikimaliza aiguillage, nitaitosha." Aiguillage, ile sehemu ya reli inayohama ili treni iache njia moja na kuingia nyingine, ilikuwa imekushinda. Ukifinya kitufe inanguruma tu, haihami, na treni badala ya kuingia stesheni inakwenda hadi mwisho wa meza na kuangukia kiti cha fotei.

Siku hiyo kwenye fotei aliketi Ba Mumba, baba yake Pascal mchumba wangu, ametoka kijijini Lukafu amenuna. Pascal alikuwa amenionya: "Papa hataki nioe bibi ya Kasai, anasema ninyi muko bageni. Anakuya tu juu ya heshima." Nilisimama pale na kitenge changu kipya.

Ba Mumba akakohoa, akaanza: "Sisi tuko bantu ya hapa. Ninyi bantu ya Kasai..."

Hatukujua alitaka kusema nini. Mkono wako ulikuwa umejificha mgongoni ukifinya kitufe, na treni ikamwangukia mapajani.

Mama akajifunika uso. Pascal akanitazama kama mtu anayetazama jeneza. Ba Mumba akaigeuza treni miguu juu, akaichunguza.

"Juu ya nini inaanguka?"

"Aiguillage inakatala. Inapata courant, umeme unafika, lakini haigeuke."

"Bobine iliungua," akasema Ba Mumba, yaani ile koili inayovuta reli.

"Hapana, ni waya!"

"Bobine! Yangu ya mashine ya kusaga iliungua vile vile."

"Mashine ya kusaga na treni njo kitu moja?"

Mkaingia wote wawili chini ya meza, na suti zenu. Sisi tukabaki tunatazama viatu.

"Geuza waya," akaamuru Ba Mumba. "Ya kushoto iende kuume. Kama shida inahama, ni kitufe. Kama inabakia, njo bobine."

"Inabakia."

"Nilisema!"

"Ngoja kwanza! Ulishika waya ingine, wee muntu ya Lukafu!"

Mama alifumba macho akisali. Halafu kutoka chini ya meza tukasikia kicheko, na hakikuwa chako peke yako.

Mimi nilichoka kungoja. Nikainama juu ya meza, pale ambapo hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa ameangalia, nikaona kipande cha bukari, ugali wa jana, kimekauka katikati ya ulimi wa reli. Si ndiyo meza tuliyokuwa tunalia chakula? Nikakitoa kwa pini ya nywele.

"Mufinye sasa," nikasema.

Tak! Ulimi ukahama, treni ikaingia stesheni kwa adabu.

"Nilikuambia ni waya!" ukapiga kelele.

"Bobine ilitaka kupumzika tu!" akajibu Ba Mumba.

Niliwaonyesha ile bukari. Mlinitazama kama mtoto anayesema uongo kanisani.

Mambo ya ndoa yalikwisha kabla bia ya pili haijafunguliwa. Ba Mumba, magoti yamejaa vumbi, akasema, "Mutoto tutamuoa. Na mimi nitarudia kuangalia ile waya, juu bantu ya Kasai banajua kusema, kutengeneza hapana." Ukacheka hadi ukashika ukuta.

Na kweli alirudi, miaka yote, kila mara na gunia la mahindi begani, kuja kubishana nawe. Wajukuu walijifunza neno "bobine" kabla ya neno "asante".

Siku tulipokuzika, alipewa nafasi ya kusema neno. Alisimama na kofia mkononi, kisha akarudi kuketi. Baadaye akanishika bega: "Sasa nitagombana na nani?"

Jumapili iliyopita alikuja tena. Aiguillage ilikuwa imekatala, ila safari hii reli zilikuwa safi. Magoti yake hayamruhusu tena kuinama, basi yeye aliketi juu anafinya kitufe, mimi nikaingia chini na taa ya kupimia umeme. Nikakuta waya umelegea, nikaukaza.

Kutoka juu akaita jina lako kwa hasira, "Tshibangu! Iko na courant, ao hapana?"

Viatu vyake vikarudi nyuma chini ya kiti.

Niligusisha taa kwenye waya, ikawaka.

"Iko, Ba Mumba," nikajibu. "Iko."

Pumzika, Papa. Huku kelele tunaziendeleza.

Mutoto wako mukubwa mwanamuke,
Béa