Mama Mkwe Hataki Kunidai

Jumatatu, 4 Machi

Nimetoka kwa wakili. Nilikwenda kichwa chini, nimerudi napiga mluzi. Mke wangu kaniuliza kama nimeokota pesa. Sijaokota kitu. Nimeelezwa tu.

Kumbe aliyezama kwenye madeni ana njia. Moja, kuomba mahakama imtangaze muflisi: vinavyouzika vinauzwa, wadai wanagawana, kinachobaki kinafutwa. Lakini karakana yangu ya makochi itafungwa, na kwa miaka hakuna atakayenikopesha hata kijiko. Nyingine, kukaa na wadai wote mezani, tukubaliane nilipe kidogo kidogo huku kazi inaendelea. Ya tatu ni ile niliyokuwa naitumia mimi — kuzima simu. Wakili kasema hiyo haimo kwenye sheria.

Hata nikiwa muflisi, cherehani hawachukui. Kifaa cha kazi hicho. Mchana kutwa nimeshona kochi la daktari huku naimba.

Jumatano, 6 Machi

Nimewazungukia wadai mwenyewe. Yote haya ni ile hoteli — wakachukua makochi ya ukumbi mzima, wakafunga, wakatokomea bila kulipa. Nikabaki na madeni ya mbao na vitambaa vya watu, na mkopo wa benki juu yake.

Muuza mbao kakubali. Kasema fundi anayefanya kazi atalipa, aliyefilisika atakuamkia tu. Muuza vitambaa kanuna, kisha kakubali, kisha kaagiza mto wa bure. Nitamshonea. Benki wamekataa. Wanataka nitangazwe muflisi, yaishe.

Jioni kwa wakili, na mke wangu. Mpango wa kulipa kidogo kidogo unapigiwa kura na wadai, kura zinapimwa kwa ukubwa wa deni, na hao wawili pamoja hawaifikii benki. Wakili akauliza kama hakuna mwingine anayenidai. Nikasema hakuna. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Mama yake.

Jumamosi, 9 Machi

Hoteli ilipofunga, mama mkwe aliuza kiwanja chake nikawalipa wafanyakazi wangu. Nilisema nitarudisha. Akasema mtoto hadaiwi. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi nampelekea kidogo, na kila mwanzo wa mwezi wanangu wana viatu vipya. Wana viatu kuliko safari.

Wakili kauliza: uliahidi kurudisha? Umewahi kupeleka chochote? Basi ni deni, na likijumlishwa na ya wale wawili huenda yakaizidi benki; tena mdai hafichwi hata mmoja. Ila mama aje aseme mwenyewe, na aseme kweli.

Mke wangu kaenda kumwambia. Karudi. Mama kasema hawezi kusimama mbele ya watu wa benki atamke kwamba anamdai mume wa binti yake. Afadhali auze na nyumba.

Nimeumia. Kisha nikacheka mpaka mke wangu naye akacheka. Mji mzima unanidai kwa kelele, na huyu mmoja ninayembembeleza anidai, hataki.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda mwenyewe. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana mno, mazungumzo yetu marefu kabisa ni salamu. Nikakaa kiti cha karibu na mlango. Sponji yake imelala, nitaibadilisha.

Nikamwambia: mama, ukisema ulinipa bure, karakana inafungwa. Ukisema ulinikopesha, huenda ikabaki. Na ndiyo kweli, nilikopa. Niache nikulipe, nami niwe mtu mbele yako.

Akakunja kanga yake, akaikunjua. Mwisho akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema sijala, akaenda jikoni.

Nimeshiba. Jibu sina, lakini moyo umetulia kuliko mwaka mzima uliopita. Dawa ya deni kulipa, wanasema. Hawasemi kwamba ukishaanza kulipa unalala.

Alhamisi, 14 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya chumba cha kikao cha wadai. Benki wamesema lao, wengine wamesema lao. Msimamizi wa kikao katupa mapumziko ya chai. Kabaki mdai mmoja.

Kaja. Kavaa nguo ya harusini. Kakaa benchi hili hili, ubavuni kwangu, jambo ambalo hajalifanya tangu nimwoe bintiye. Midomo inacheza. Nilidhani anasali, nikatega sikio.

"Namdai. Huyu mkwe wangu, namdai."

Anafanya mazoezi. Mara ya kwanza sauti ilimkwama kwenye "namdai". Sasa inatoka kavu, utadhani mtu wa benki. Machozi yamenilenga, nikajifanya natafuta kalamu.

Kageuka, kanitazama usoni. Kasema, kuanzia leo viatu vya watoto nikanunue mwenyewe.

Ndiyo, mama.

Mlango umefunguliwa. Karani anamwita. Kasimama, kalinyoosha gauni, mkoba wake kanipa mimi nimshikie —