Alama Zote Kutoka Kwenu

Kwako dada, mtangazaji wetu wa mwiko,

Sisi wazima. Kochi la sebuleni bado limewekewa tofali badala ya mguu upande wako. Juzi tulikaa hapo kutazama yale mashindano ya nyimbo ya mataifa. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisimama juu ya stuli, mwiko mkononi kama maikrofoni, ukitutangazia sifuri zetu, na marehemu baba akiguna, "Majirani wanapeana tu alama hao!"

Mwaka huu nchi unayoishi imetupa alama zote. Wimbo wenyewe, dada, ulikuwa kelele tupu. Mchambuzi wa televisheni akaeleza kwamba kura hizo ni za wahamiaji: kunakotoka alama nyingi ndiko waliko watoto wetu wengi. Mtaa mzima ukashangilia. Mama hakupiga makofi. Aliuliza tu, "Kwa hiyo alama zikizidi, ndiyo hawarudi?"

Nikajifanya natafuta rimoti.

Unajua kanuni ya mashindano hairuhusu mtu kuipigia kura nchi aliyomo. Basi mama anasema njoo ukae naye hapa kochini, unyimwe nafasi ya kutupigia kura, na sisi tushike mkia.

Mdogo wako,
wa upande usio na tofali