Kipimo cha Mlangoni

Kaka Mbarouk,

Mama yuko jikoni, nami nimekaa ukumbini kwetu Malindi, hapa Unguja, pale ulipokuwa ukipenda kukaa ukija likizo. Sijakuandikia tangu tulipokuzika makaburini Mwanakwerekwe. Sikuwa na la kukwambia ila kulia, na kilio hakiandikiki. Leo n'na habari, na nyengine zimeninyima raha.

Kwanza ujue kwamba na mie, Rahma wako, nimeingia migodini. Wewe ulikuwa fundi umeme wa makaa ya mawe huko bara. Mie nimesomea hesabu, na kazi yangu ni kukokotoa kwa kompyuta vipi gesi ya methani inavyotoka kwenye makaa na njia inazopita chini ya ardhi. Mama hakupenda. Alisema ardhi ya huko ishamla mmoja, na mmoja anatosha.

Somo la mwanzo ulinipa wewe. Sikukuu moja nilikuuliza gesi inakaaje ndani ya jiwe. Ukafungua kasha la nguo la Mama, harufu ya udi ikatupiga usoni. Ukaniambia, "Nguo hizi hazikufukizwa leo. Harufu imezing'ang'ania. Makaa nayo ni hivyo hivyo, yamelaliwa na mlima na maji. Ukiyachimba ukayapunguzia uzito, gesi inaachia kidogo kidogo, inatafuta nyufa." Mama akatufukuza, tusimpangulie kanga zake.

Siku uliyokufa umeme ulikatika, na feni kubwa inayopeleka hewa chini ikasimama. Ukatumwa ukatafute waya ulioungua, mwisho kabisa wa njia. Mlangoni pa njia hiyo kipimo chako cha gesi kilionyesha hewa safi. Ukaingia. Hapakuwa na moto wala mshindo. Ulikosa pumzi tu, wenzako wakakukuta umelala ubavuni mwa mkoba wako wa vifaa. Hayo nilikuja kuyajua baadaye, kwa mwenzako mmoja aliyekuwapo. Waliokuleta nyumbani walituambia kitu chengine: kwamba uliingia bila kupima, kwa haraka zako.

Mama alilimeza neno hilo. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia, "Mwanangu alikuwa mkaidi," kama anayekuombea radhi kwa watu. Mie nilikuwa nikiondoka chumbani nisilisikie.

Kwa hiyo nilipojua hesabu ya kutosha, nikauchora mgodi wako ndani ya kompyuta. Njia ile ilikuwa inapanda, kaka, na methani ni nyepesi kuliko hewa. Feni ilisimama, makaa hayakusimama. Yaliendelea kutoa gesi, ya ukutani na ya nyuma, kwenye sehemu zilizokwisha kuchimbwa. Ikapenya nyufani, ikapanda, ikajaa kule juu. Mlango ulikuwa chini. Hewa uliyoipima ilikuwa safi kweli, lakini siyo hewa uliyoiendea.

Lau ningeishia hapo, pengine ningetulia. Lakini mwaka huu feni imesimama kwenye mgodi wangu mie. Chini kulikuwa na pampu, na maji yalikuwa yanapanda. Wakubwa walitaka watu wachache waingie haraka waitoe kabla haijazama. Wakaniuliza gesi itachukua muda gani kujaa. Nikakaa kwenye kompyuta, jibu likaja: mpaka jioni. Na ilikuwa ndiyo kwanza asubuhi.

Nikatoka nje. Watu walikuwa wameshavaa kofia zao, wananingoja mie. Msimamizi wa zamu, Bwana Mwaipopo, mtu mzima mwenye watoto, akaniuliza taratibu, "Dada, tuingie?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, kaka. Nilikuwa nimelihakikisha. Lakini nilimtazama yule bwana, nikakuona wewe umesimama mlangoni na kipimo mkononi. Nikamwambia, "Hesabu yangu inasema muda upo. Kaka yangu naye aliambiwa na kipimo hewa ni safi, akafa. Kapimeni juu kwanza."

Mkubwa mmoja akaguna, akasema tunapoteza asubuhi. Mwaipopo akakifunga kipimo kwenye ncha ya ufito mrefu, akaenda mpaka kona ya kwanza tu, ambako hewa ilikuwa bado nzuri, akakiinua mpaka kwenye dari la mwamba. Kikalia. Tulikisikia mpaka nje.

Gesi ilikuwa imeshafika. Mwamba ulikuwa umeshuka na kukaa upya baada ya kuchimbwa, nyufa zimepanuka kuliko nilivyoziandika mie, na gesi imekwenda mbio kuliko hesabu yangu yote. Pampu ikazama. Watu wakanishukuru, wakanishika mikono, wengine wakaniombea dua. Nikaenda nyuma ya ghala, nisionekane. Walidhani hesabu yangu ndiyo iliyowaokoa. Hesabu yangu ndiyo iliyotaka kuwaua.

Nimekuja nyumbani kwa sababu hiyo. Juzi nimemweleza Mama yote, yako na yangu. Alikuwa anamenya muhogo, hakusita. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo hakuwa mkaidi?"

"Hakuwa, Mama. Alipima, akaamini."

Akaendelea kumenya. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta. Kisha akaniuliza kama watu huko wanaziamini hizo hesabu zangu. Nikamwambia wanaziamini sana.

"Basi hilo ndilo linalonitisha," akasema.

Na mie linanitisha. Nshazirekebisha zile nyufa, na sasa jibu linakaribiana na yaliyotokea. Lakini najua kuna nyufa nyengine ambazo sizijui, na wakubwa washaanza kuniuliza kama sasa hesabu imekamilika. Wanataka niseme ndiyo. Kesho nnarudi, na nitawaambia haijakamilika, hata kama wataniona sina faida.

Kaka, nnakuahidi hili moja. Hesabu yangu itatumika kumzuia mtu mlangoni. Kumruhusu, kamwe. Wa kuingia ataingia baada ya mtu kuinua kipimo mpaka darini, na siku hiyo nitasimama hapo hapo mlangoni mpaka wa mwisho wao atoke.

Mungu akupanulie kaburi lako, na akupe hewa uliyoikosa. Anayekutaja sasa humu ndani, Mama humwambia "Mbarouk wangu," basi. Haongezi lile neno la ukaidi.

Mdogo wako,
Rahma