Tai ya Afande kwenye Mashine ya Kukereza

Patience, uko?

Yule afande wa kambi ya jeshi ya Kimaka alikuja karakana kuchukua kalamu yake ya mvule. Nilikuwa bado naikereza, mashine inazunguka kwa kasi. Nikasema polepole, "Afande, tai yako, rudi nyuma kidogo."

Kofi! Mbele ya bosi Tarlochan! "Wewe kasichana unaniamuru mimi?"

Kofi kweli, Patience!

Halafu akainama kuikagua kalamu. Tai ikanaswa, ikamvuta shingo, uso ukagonga chuma. Damu mpaka ukutani. Bosi ananipigia kelele, "Santa, zima! Zima!"

Swichi ilikuwa karibu na mkono wangu.

Nilizima. Wamempeleka hospitali, anapumua.

Lakini kabla ya kuzima, nilishika kwanza shavu langu.