Rufaa Bila Nakala

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu kiti chako cha barazani kibaki kitupu, na bado hakuna anayethubutu kukikalia.

Mtaa mzima ulikuita Nakala Halisi. Miaka thelathini na mmoja ulikuwa karani wa masjala ya mahakama, na ulipostaafu ukahamishia kazi nyumbani. Shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Wajane walikuja na bahasha zao zilizochanika, ukawapangia karatasi moja moja, ukawaandikia barua, na shukrani hukutaka. "Hii ni fotokopi tu, dada yangu," ulikuwa ukisema. "Nakala halisi ina mhuri. Rudi ukaidai." Wangapi walipata haki yao kwa sababu wewe ulikuwa msumbufu!

Ndiyo maana inatuuma hivi.

Ulipoota uvimbe shingoni, hospitali ya karibu walikukata kipande kidogo cha nyama ya kupima, na daktari akakupa barua. "Mzee, nakupa rufaa, uende hospitali kubwa." Basi, akaita anayefuata. Hakukueleza kwamba kwao rufaa maana yake ni nenda, tena leo. Na wewe neno hilo ulidhani unalijua kuliko yeye. Rufaa yako wewe, ile ya mahakamani, haipokelewi bila nakala ya hukumu. Kwa hiyo ukaamua kusubiri majibu ya kipimo ili uyaambatanishe.

Mama alikusihi. "Mzee wangu, si uende tu hivyo hivyo na barua?"

"Mheshimiwa mama watoto, rufaa bila nakala inatupwa. Nimezirudisha ngapi kwa mkono wangu huu?"

Na sisi wanao tukakuachia uamue. Nani angebishana na Nakala Halisi habari za karatasi?

Jumatatu kumi na moja ulikwenda kwenye dirisha la maabara. Mzee, mashine mbovu. Mzee, mwenye ufunguo wa kabati yuko semina. Mzee, kwani uliandikishwa kwa jina gani? Ulirudi ukicheka: "Masjala yao ni jalala!" Tukacheka nawe, wajinga sisi. Shati lilikuwa limeanza kukupwaya, na sauti ilikuwa inakauka.

Siku uliposhindwa kumeza maji ndipo tulipokubeba. Daktari wa hospitali kubwa, binti mpole, aliisoma barua, akaigeuza, akatazama tarehe. "Hii mlikuwa nayo muda wote huu? Mbona ilitosha? Kipimo tungerudia wenyewe siku ileile."

Mama akamwambia hatukuambiwa.

"Lakini Mama, hilo kila mtu anajua."

Tumemtafuta huyo Kila Mtu mwaka mzima, Baba. Hatujamwona. Mkabala na benchi ulilokalia Jumatatu zote hizo kuna bango limeandikwa WAHI MATIBABU. Na juzi mkubwa mmoja wa idara ya afya alisema redioni kwamba wananchi wanachelewa hospitali kwa sababu hawana uelewa. Wewe! Uliyekuwa ukiwahi foleni kabla mlinzi hajafungua geti! Kaka alizima redio kwa hasira hadi kitufe kikang'oka.

Na wewe pia tumekukasirikia, tusifichane. Ungetuuliza. Ungemuuliza yule daktari neno moja tu, wewe uliyetufundisha kuuliza mpaka karani achoke. Lakini ulivaa shati lako, ukasubiri kwa adabu, ukiamini kwamba kila dirisha lina mtu kama wewe nyuma yake.

Anakukumbuka mkeo, uliyekuwa ukimwita Mheshimiwa. Anakukumbuka binti yako mkubwa, fundi cherehani, aliyekupunguzia yale mashati mara mbili, mwanao dereva, mkweo, dada yako ambaye hadi leo anapiga namba yako ya simu, na wajukuu zako watatu wanaocheza mahakama barazani na kugombea nani awe karani.

Majibu yako yalikuja, Baba, wiki mbili baada ya kukuzika. Nakala halisi, mhuri umekolea. Mama aliyabana pamoja na barua ya rufaa, pini moja, pembe ya juu kushoto, ulivyotufundisha. Jalada lako limekamilika.

Hatutakusahau kamwe, wala lile dirisha hatutalisahau.