Yai Lako Walikula Watoto

Mama,

Kuku wako mweusi bado anataga. Nakuambia hili kwanza kwa sababu najua ndilo ungeuliza kabla ya kuuliza habari yangu. Anataga palepale chini ya kitanda, na mume wangu bado anamlaani kila akiinama kutafuta viatu vya kazi. Hapa landi, kwenye nyumba za reli, hakuna kilichobadilika. Chumba ni kilekile kimoja, na Mama Zakayo wa mlango wa pili bado anajua kilichopikwa kwa kila mtu.

Nimekukasirikia, Mama. Wenzangu wakifiwa na mama zao wanalia. Mimi nikianza kulia, hasira inanitangulia.

Siku ile daktari alipotuambia una ugonjwa wa sukari, alizungumza polepole. Chai bila sukari. Ugali kidogo, kama ngumi ya mtoto. Mboga kwa wingi, maharagwe, na yai kila siku likipatikana. Ukaitikia, "Nimesikia, daktari." Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Lako lilisikia vizuri sana. Jioni ulimsimulia mume wangu neno kwa neno, hata lile la ngumi.

Basi nikawa nakupikia asubuhi kabla sijaenda kufua nguo kwa memsaabu. Yai moja la kuchemsha, mboga ya mrenda, maharagwe na kaugali kadogo, kwenye ile sahani ya bati uliyokuja nayo kutoka Elburgon, baba alipofariki na kiwanda cha mbao alichofanyia kazi kikachukua nyumba kiliyompa. Watoto niliwaachia ugali wao na uji wa sukari. Nilikwenda kazini moyo umetulia. Nikirudi nakuta sahani yako imeliwa yote, namshukuru Mungu.

Kumbe. Siku memsaabu alipokwenda Subukia kwa rafiki zake, nilirudi mchana. Niliwakuta mkekani, Rael, Timona na Enosi wamekuzunguka. Yai ulikuwa umelikata kwa uzi, vipande vitatu sawasawa, kila mtoto na chake. Nawe ulikuwa unakomba uji wao kwa kidole na kumalizia matonge waliyobakiza. Hukushtuka hata kidogo. Ulisema, "Mtoto akikutazama, chakula hakipiti kooni."

Nikagomba. Ndipo ukaniletea mila, eti kwetu mwanamke hali kuku wala yai. Wewe, Mama, ambaye siku ya ubatizo wako ulikula paja la kuku mbele ya baba mkwe wako, watu wote wa kanisa wakitazama, ili wajue miiko ya zamani haikushiki tena. Ulinisimulia mwenyewe huku ukicheka mpaka machozi. Mwiko ulioutupa ukiwa bibi harusi, ukaenda kuuokota uzeeni upate kisingizio.

Sababu haikuwa mwiko. Uliniambia baadaye, ukiwa umelala na kidonda cha mguu. Siku za mwanzo Mama Zakayo alichungulia mlangoni akakuona na sahani yako, watoto wamekodoa macho, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka bombani, "Haya basi. Kumbe siku hizi wakubwa wanakula mayai, watoto wanameza mate." Ni hayo tu. Kwetu hata mwizi anasameheka kuliko mtu mzima anayekula huku mtoto anamtazama, nawe hukuweza kuibeba aibu hiyo.

Nilijaribu. Nilitaka watoto nao wapate mayai yao, lakini kuku mmoja ataga mangapi? Nikakuomba ule kabla hawajaamka. Ukanijibu kwamba chakula cha kujificha ni cha mchawi. Sasa ningefanya nini, nikufungie mlango kwa kufuli wewe na sahani yako?

Kidonda hakikupona. Ukawa unamaliza mtungi wa maji na bado una kiu. Kisha ukawa mtu wa kusinzia, na mwisho hukuamka. Tulikuzika Elburgon kando ya baba. Mama Zakayo alisafiri nasi, akasimama mbele ya watu akasema, "Huyu mama hakuwahi kula akamwacha mtoto." Watu wakaitikia, "Kweli kabisa." Walikusifu kwa jambo lilelile lililokuua, nami nilisimama pale na udongo mkononi nikitamani kumtupia yeye.

Timona bado anabakiza tonge. Kila mlo analiweka pembeni mwa sahani. Nilipomuuliza ni la nani, akasema, "La Kukhu," kama walivyozoea kukuita bibi yao. Alidhani anakulisha, Mama. Alidhani bibi yake anaishi kwa tonge lake. Sitamwambia kamwe lilikufanyia nini.

Na sasa sikiliza. Mwezi uliopita kiu ilinianza mimi. Nikaenda kwa daktari yuleyule, akasema maneno yaleyale, na alipofika kwenye ngumi ya mtoto nikacheka. Sijui alinionaje. Njiani nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, yale macho ya watoto watatu mkekani. Nimezaliwa na wewe, na koo langu ni kama lako.

Jana mchana nilikaa chini na sahani yangu. Rael aligeukia ukuta. Enosi alinyoosha mkono, nikausogeza kando. Timona akanisukumia lile tonge lake, "Mama, shika," nikamrudishia, akaangua kilio. Mama Zakayo alikuwa amesimama mlangoni, hata hakujificha. Yai lilikataa kushuka, hapo ulisema kweli. Nikatafuna polepole, machozi yananitoka, mpaka likaisha. Ndipo nikampakata mtoto.

Nakuahidi nitakula hivyo kesho, na keshokutwa, hata landi nzima ikiniita mchoyo. Nawe ungeweza, Mama. Wangelia kidogo kisha wakalala, na leo wangekuwa na bibi.

Pumzika. Nakupenda, na hasira bado sijaimaliza. Usinitazamie huko karibuni.

Mwanao,
Mariamu